Beseni la Mgonjwa

Nilianza kusoma uchambuzi wa fedha nikiwa na miaka sitini na miwili, na miwani mbili mkobani, moja ya kusomea ubao na moja ya kusomea daftari. Darasa lilikuwa mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, kila Jumamosi kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Chini yetu walikaa mafundi cherehani, na mwalimu alipogeuka kuandika ubaoni kelele za mashine zao zilipanda ngazi zikajaa chumbani. Kozi ilikuwa na jina refu: Uchambuzi wa Fedha, Mipango na Udhibiti katika Taasisi. Wenzangu walikuwa watu wa ofisini, wengi wameletwa Kigoma kwa uhamisho, pamoja na vijana wachache waliotafuta cheti cha kuombea kazi. Siku ya kwanza mmoja wao alinipisha kiti cha mbele akasema, "Shikamoo bibi. Umemleta mjukuu kujiandikisha?"

"Marahaba. Mjukuu ni mimi."

Walicheka, nami nikacheka. Namshukuru Mungu kwa kicheko kile. Mwaka ule sikucheka mara nyingi baadaye.

Nilitumwa na wanawake wenzangu. Tuna kikundi cha waanika dagaa pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, wakati huo tukiwa arobaini na mmoja. Tunanunua dagaa wabichi mitumbwini asubuhi, tunawaanika, tunawauza wakavu kwa wafanyabiashara wenye malori. Mimi nilikuwa mtunza hazina wao kwa miaka kumi na minne. Hawakunichagua kwa kujua hesabu. Baba yangu alinisomesha Kurani nyumbani kwetu Ujiji tangu nina miaka mitano, nami nikaja kuwasomesha mabinti zao, na wao wakaona kwamba mtu aliyekaa na Kitabu muda wote huo ataogopa kula fedha ya wajane. Waliona sawa. Sijawahi kuila. Ninachosimulia hapa si habari ya wizi. Wizi ungekuwa mwepesi zaidi kuusimulia, maana mwizi anaweza kutubu na kurudisha.

Daftari langu la zamani halikuwa na Januari wala Februari. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa haina kazi tena, dagaa wanatawanyika, mitumbwi inapandishwa mchangani na wavuvi wanakaa kushona nyavu. Kwa hiyo sisi tunaishi kwa giza. Tunasema "giza hili" na "giza lililopita" kama watu wa ofisini wanavyosema mwezi huu na mwezi uliopita. Wenye malori nao hutulipa mwezi unapokuwa mpevu, kazi ikiwa imesimama, na siku hiyo ndiyo tunafunga hesabu. Kila ukurasa wa daftari langu ulikuwa giza moja.

Juu kabisa ya kila ukurasa, kabla ya manunuzi, kabla ya chumvi na magunia, kulikuwa na mstari wa beseni la mgonjwa.

Desturi hiyo niliikuta. Asubuhi ya kwanza ya kila giza, kabla mwanamke yeyote hajamwaga dagaa wake kuwaanika, beseni moja lililojaa lilitengwa. Lilianikwa peke yake, likauzwa peke yake, na fedha yake ikaingia katika kasha la bati lenye kufuli, haiguswi ila kwa ugonjwa wa mwanachama. Mtunza beseni alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa mfupi, mnene, na sauti ya kuitia watu walio majini. Alisimama mbele ya beseni, mikono kiunoni, akapaza:

"La mgonjwa lipo?"

Na sisi arobaini: "Lipo!"

"Mgonjwa yupo?"

Kama hakuna, tulijibu hakuna, tukaanza kazi. Kama yupo, alitajwa pale pale mbele ya watu wote, na kasha likafunguliwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeandika barua ya maombi.

Tulipotaka kikundi kisajiliwe kuwa ushirika, tulishauriwa tupate mtunza hazina anayeweza kuandaa bajeti na taarifa za fedha. Wanawake wakatazamana, kisha wote wakanitazama mimi. Kikundi kililipa nusu ya ada, nusu nikalipa mwenyewe.

Mwalimu wetu alikuwa kijana kutoka Mbeya, Mkristo, mwaka wake wa pili hapa mjini. Mtu mwenye adabu. Hakuniuliza, lakini kila Jumamosi alikata somo dakika chache kabla ya adhuhuri na kuniachia pembe ya chumba, na yeye akashuka na wengine kunywa chai. Alifundisha taratibu, akirudia, na mimi niliyapenda masomo yale kwa namna iliyonishangaza. Nilipenda kwamba kila shilingi ina mahali pake. Nilipenda neno udhibiti jinsi alivyolieleza: unapanga, unatenda, halafu unaweka ulichopanga kando ya ulichopata na kuuliza tofauti imetoka wapi. Nilimwambia kwamba kwetu hiyo inaitwa kujihesabu nafsi, na kwamba baba yangu alinifundisha kuifanya kila nikitaka kulala. Aliandika maneno hayo pembeni mwa kitabu chake.

Mwezi wa Februari alitufundisha fedha iliyolala. Taasisi nyingi ndogo, alisema, zina fedha kwenye visanduku na bahasha, kila moja na kazi yake, haizai, huku biashara yenyewe ikikosa mtaji. Dawa ni kuzikusanya mahali pamoja na kuzigawa kwa bajeti. Nilikaa pale nikiliwaza kasha letu la bati. Nilijua kiasi kilichomo hadi sarafu. Nilijua pia kwamba tulikuwa tukianika nusu ya dagaa wetu juu ya mchanga, na kwamba wenye malori walitukata bei kwa sababu ya mchanga huo. Tulihitaji chanja za mbao zenye wavu wa waya. Miaka mitatu tulikuwa tukizitamani.

Mwisho wa Machi mwalimu alitupa kazi: kila mmoja achukue taasisi anayoijua, achambue mapato ya robo ya kwanza ya mwaka, kisha apange bajeti ya robo ya pili. Nililiacha daftari la giza. Nilinunua daftari jipya lenye mistari ya hesabu, nikaandika Januari, Februari, Machi kwa wino mwekundu.

Hapa naomba msomaji anifuate polepole, maana ndipo mahali penyewe.

Mwaka ule mwezi ulikuwa mpevu tarehe mbili Januari, ukawa mpevu tena tarehe ya mwisho ya Januari. Februari haukuwa mpevu hata siku moja. Machi ukawa mpevu mwanzoni, na tena siku ya mwisho. Kwa hiyo katika jedwali langu Januari ilikuwa na malipo mawili, Februari haikuwa na kitu, Machi ikawa na mawili. Niliona. Siwezi kusema sikuona. Lakini tulikuwa tumefundishwa wastani, na wastani ulinipendeza kama kipimo cha haki: unajumlisha, unagawa kwa tatu, mabonde na vilima vinakuwa sawa. Nikajumlisha malipo manne, nikagawa kwa miezi mitatu, nikapata pato la mwezi mmoja. Kisha nikaliandika pato hilo kwa Aprili, Mei na Juni.

Malipo manne. Na lile la kwanza, la tarehe mbili Januari, lilikuwa la dagaa waliovuliwa Desemba.

Mimi niliyewafundisha wasichana wa Ujiji kwamba mwaka wa zaka unahesabiwa kwa mwezi wa angani. Mimi ninayesimama kila mwisho wa Shaabani kuutazama mwezi mwandamo. Niliuweka mwezi kando kwa sababu darasani haukutajwa.

Kazi yangu ilirudi na alama tisini. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika: "Nzuri sana, mama. Februari imekuwaje?" Nilimweleza kwamba mwezi haukuwa mpevu. Akatikisa kichwa, akasema kwao ni ndizi na viazi, mwezi ukiwaka watu wanatembea tu. Tukacheka, tukaendelea na somo.

Wiki ya pili ya Aprili nililipeleka jedwali Kibirizi. Tuliketi penye kivuli cha banda la magunia. Mwenyekiti wetu, Muha wa Kasulu, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alitusalimu kwa Kiha, "Mwakeye," halafu akaniambia, "Haya, Mwalimu. Tusomee."

Niliwasomea. Niliwaonyesha kwamba tukizitoa fedha za kasha na kuzichanganya na akiba yetu, tungenunua chanja kumi na mbili mwezi ule ule, na kwamba kufikia mwisho wa Juni ziada ingerudisha fedha yote ya ugonjwa na kubaki. Beseni halikuwa na haja tena. Badala ya kutenga dagaa mwanzoni, tungetenga fungu la matibabu mwishoni mwa kila robo mwaka, kutoka kwenye ziada.

Wifi yangu alikuwa akitoa mawe kwenye kiatu chake. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na mgonjwa?"

"Yupo kwenye bajeti, wifi. Mstari wa tisa."

"Wa tisa." Aligonga kiatu chini. "Zamani alikuwa wa kwanza."

"Ni mpangilio wa karatasi tu."

"Haya. Angalau mstari haunuki dagaa."

Wanawake waliangua kicheko, na kwa kicheko hicho walikubali. Naye aliinua mkono. Ninakumbuka mkono wake ukiwa juu, na magamba ya samaki yakimeta juu ya kiganja.

Chanja zilikuja. Zilikuwa nzuri, siwezi kuzikosea heshima, hadi leo tunazitumia. Asubuhi ya kwanza ya giza lililofuata mitumbwi iliingia, tukabeba, tukasimama kama tulivyozoea. Wifi yangu alikwenda mahali pake, akaweka mikono kiunoni, akafungua kinywa. Halafu akakifunga. Akaishusha pembeni ile mikono miwili kama mtu aliyesahau alichofuata, akaenda kwenye chanja ya kwanza, akaanza kutandaza dagaa.

Ramadhani iliingia katikati ya Mei. Siku moja alasiri alikuja kwangu Ujiji kunisaidia kupika futari. Tulikuwa tukimenya mihogo. Akaniambia, "Wifi, hebu nishike hapa," akauchukua mkono wangu akauingiza ndani ya gauni lake, kwenye titi la kushoto. Kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama punje tano za komamanga zilizoshikana.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoacha kukitazama."

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Walimpima, wakachukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kukichunguza, na majibu yalipotoka daktari alituita wote wawili. Alisema aende Dar es Salaam, na akasema isizidi wiki mbili. Matibabu yenyewe yangepatikana, lakini kulikuwa na nauli ya watu wawili, vipimo, na chumba cha kukaa muda usiojulikana, kwa kuwa hatukuwa na ndugu kule. Nilipiga hesabu nikiwa bado kwenye benchi la korido. Kiasi kile kilikuwa karibu sawa na kilichokuwa kwenye kasha mwezi wa Machi. Sasa kilikuwa mbao na waya.

Na hapa ndipo nilipokosa mara ya pili, na kosa hili halina uhusiano na wastani. Ningeweza kwenda Kibirizi siku ile, nikawaambia wanawake: yupo, ni huyu, fedha hakuna, tuchange. Wangechanga. Badala yake nilimwambia, "Subiri kidogo, wifi. Mwisho wa Juni fungu la matibabu linajaa. Hesabu inaonyesha." Nilikuwa na karatasi yenye alama tisini. Nadhani niliona aibu kuwaomba watu wachange kitu ambacho nilikuwa nimewaambia kipo.

"Hesabu inaonyesha," alisema. "Basi tungoje."

Malipo ya mwisho wa Aprili yalikuwa chini ya bajeti. Ya mwisho wa Mei pia. Kwenye taarifa tuliyofundishwa kujaza kulikuwa na safu tano: kilichopangwa, kilichopatikana, tofauti, sababu, mhusika. Kwenye sababu niliandika upepo. Kweli kulikuwa na upepo, upepo wa kusini huvuma miezi ile na siku nyingine mitumbwi haitoki. Kwenye mhusika niliweka kistari. Malipo ya Juni yalipoingia nilijumlisha yote matatu, nikatoa matumizi, na mstari wa tisa ukawa sifuri. Nikamwambia wifi yangu, "Julai lazima." Alikuwa ameanza kufunga khanga kwa namna ya kuficha bega. Akasema, "Wewe ndiye msomi."

Hakusema kwa kejeli. Ningependa angesema kwa kejeli.

Julai nayo ilikuja na malipo yale yale. Jumamosi iliyofuata nilikwenda darasani na madaftari yote mawili, jipya na la zamani. Wanafunzi walipoondoka nilimwomba mwalimu abaki. Nilimwekea jedwali la robo ya kwanza mezani, nikamwambia, "Mwalimu, nisaidie kuitafuta hii tofauti. Si upepo. Upepo upo kila mwaka."

Alivua koti. Alipitia namba zote, akahakiki kujumlisha kwangu, hakukuta kosa. Kisha akauliza, "Na hili daftari jingine?"

"Hilo ni la giza."

Alifungua. Alifunua ukurasa kwa ukurasa, akihesabu kwa kidole. Ukurasa wa kwanza wa mwaka ule ulianza siku ambazo kwa kalenda ni Desemba. Aliuangalia sana. Halafu akaandika kwenye karatasi: robo ya kwanza, malipo manne. Robo ya pili, matatu.

"Mama," alisema, "mwezi wenu una siku ngapi?"

"Ishirini na tisa. Au thelathini."

"Kwa hiyo malipo manne yaliweza kuingia ndani ya robo moja, la kwanza mwanzoni kabisa na la mwisho siku ya mwisho. Na robo inayofuata haiwezi kuwa nayo manne."

"Haiwezi."

"Ulijua?"

"Nilijua mwezi. Sikujua kwamba ninajua."

Alikaa chini. Chini yetu cherehani moja tu ilikuwa bado inafanya kazi. "Nilikupa tisini," alisema.

"Ulinipa tisini."

"Niliiona Februari. Niliuliza, halafu nikaiacha."

Sikumweleza habari ya wifi yangu siku ile. Alikuwa kijana, na mzigo ule ulikuwa wangu. Lakini nilichukua taarifa za Aprili, Mei na Juni, nikafuta upepo mbele yake, na kwenye safu ya mhusika nikaandika jina langu mara tatu.

Jumapili asubuhi nilisimama mbele ya wanawake Kibirizi, nikawaambia yote. Niliwaambia habari ya wastani, lakini nilianza na ugonjwa, na tangu lini niliujua. Nilisema wachague mtunza hazina mwingine. Wifi yangu alikuwa amekaa mbele juu ya gunia, anatazama ziwa.

Mwanamke mmoja, jirani yake, alisema kwa sauti ya juu, "Miezi miwili! Miezi miwili unamficha na karatasi yako! Angekuwa binti yako ungemwambia asubiri?"

 Alikuwa na haki.

Mwenyekiti alingoja hadi kelele zikapungua. "Mwalimu, kaa chini," alisema. "Nani atatuandikia? Mimi? Mimi najua kuweka dole gumba. Utaandika wewe, na utaandika mbele yetu. Sasa, mgonjwa yupo. Nani ana nini?"

Ilichukua muda usiofika saa moja. Watu walifungua mafundo ya khanga, wengine wakaenda nyumbani mbio na kurudi. Nilipeleka cherehani yangu Mwanga siku ile ile, kwa fundi wa chini ya darasa letu, akainunua. Fedha ilitimia kabla ya magharibi. Ingeweza kutimia hivyo hivyo mwezi wa Mei.

Tulikwenda kwa treni, mimi na yeye. Alikaa dirishani, na kila stesheni alinunua kitu ambacho hakukila, mayai, karanga, asali ya chupa, ili tu aongee na wauzaji. Tabora alimwambia mwuza mayai, "Haya yako madogo, kuku wako amefunga sunna?" Usiku aliegemea bega langu kwa upande usiouma.

Dar es Salaam walimpima wiki mbili. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, alitueleza kwamba ugonjwa umeshafika mapafuni na kwamba wangempa dawa za kumpunguzia maumivu. Wifi yangu alipotoka kwenda kuvaa, nilimwuliza daktari kama Mei ingekuwa tofauti.  "Mama, siwezi kukuambia ndiyo, siwezi kukuambia hapana," alisema. "Mapema ni bora kila mara." Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Nimemwomba Mungu asinipe jibu jepesi, la upande huu wala upande ule, na kwa rehema yake hajanipa.

Tulirudi Kigoma mwezi wa Septemba. Alilazwa nyumbani kwa mwanawe, mtaa wa Katubuka, chumba kinachotazama uani. Nilikwenda kila siku baada ya alfajiri. Kibirizi walikuwa wamelirudisha beseni tangu giza la Agosti, sisi tukiwa safarini, na siku moja akaniuliza habari zake.

"Beseni lipo?"

"Lipo. Magiza mawili sasa."

"Nani anaita?"

"Hakuna anayeita. Tunaliweka kimya."

"Kimya?" Alijaribu kucheka, ikawa kikohozi, nikamshika kifua hadi kikapita. "Dagaa watadhani mmefiwa."

Nilikuwa nimeacha kwenda darasani. Sikumwambia, lakini aliniona Jumamosi tatu mfululizo nimekaa pale kitandani, na ya tatu akaniuliza mbona niko pale. Nilisema masomo yamenitosha. Nikadhani amelala. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, matone makubwa juu ya bati. Halafu akasema, macho yamefumba:

"Utamaliza. Ada nimelipa mimi."

Hakuwa anasema habari ya shilingi. Nilitoka nikaegemea ukuta wa uani, mvua ikininyeshea, sikuweza kurudi ndani kwa muda.

Alifariki mwezi wa Novemba, siku ya Alhamisi, baada ya alasiri. Nilikuwa nikimsomea Yasini na nilikuwa bado sijaimaliza. Niliendelea hadi mwisho, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Tulimzika Ujiji, karibu na kaka yake. Wanawake wa kikundi walikaa matanga siku tatu, na yule jirani yake aliyenifokea ndiye aliyenishika mkono tukirudi nyumbani. 

Nilirudi darasani Jumamosi iliyofuata. Vijana hawakunitania. Mwalimu alikuwa amesikia, sijui kwa nani, akaja hadi kwenye kiti changu na kusimama hapo na chaki yake mkononi. "Pole, mama," alisema. Nikamwambia kazi ya Mungu haina makosa, makosa ni yetu, naye afundishe.

Mtihani ulikuwa Desemba. Swali la nne lilitupa mapato ya miezi mitatu ya kampuni ya usafirishaji, likatutaka tukadirie robo inayofuata. Nilifanya hesabu waliyoitaka. Kisha, chini yake, nikaandika kwamba makadirio haya hayawezi kutumiwa na mtu yeyote kabla hajauliza wateja wa kampuni hulipa lini, na fedha iliyoingia ni ya kazi ya lini, na nani ataumia kama isipoingia. Nilifaulu. Sikupata tisini. Cheti kiko ndani ya kasha la bati, chini kabisa, chini ya fedha.

Hivi sasa naandika daftari kwa njia zote mbili, kwa sababu ushirika unataka miezi ya kalenda na dagaa wanataka giza, na kila nikifunga robo mwaka naandika pembeni ina malipo mangapi. Wasichana wawili wa kikundi wananitazama nikiandika, ili siku yangu ikifika wasianze upya.

Lakini nimalizie na asubuhi ile ya giza la kwanza baada ya mazishi. Mitumbwi iliingia mizito. Beseni lilijazwa likawekwa mahali pake, na wanawake wakasimama kimya kama walivyozoea tangu Agosti. Hakuna aliyesogea. Niliona wananitazama. Mimi sina sauti, yangu ni sauti ya kusomea chumbani. Nilikwenda mbele ya beseni, nikaweka mikono kiunoni, maana sikujua kuisema bila kuweka mikono kiunoni.

"La mgonjwa lipo?"

Walijibu wote.

Neno la pili halikutoka. Nilijaribu mara mbili. Mwenyekiti akaniulizia, kwa sauti yake nzito, kutoka nyuma: "Mgonjwa yupo?"

Upande wa chanja za mwisho yule jirani aliyenifokea aliinua mkono kidogo, kama anayeona haya. "Yupo," alisema. "Mama mkwe wangu. Mguu. Unaoza."

Mama mkwe wake alikuwa mwanachama, mzee ambaye tulikuwa hatujamwona kazini tangu mvua zianze. Nilivua ufunguo shingoni. Jua lilikuwa halijatoka vizuri, na dagaa walikuwa bado wabichi ndani ya beseni. Nilikwenda kwenye banda nikalifungua kasha, nikahesabu fedha mbele yao wote kwa sauti, nikamkabidhi, na tukamngoja apande bodaboda kwanza ndipo tukaanza kuanika.